Kosa langu, lawama kwa ‘e’ ya buluu

Kwa muda wa miaka mitatu hivi, mama yangu aliamini kwamba intaneti ni herufi moja tu. Ilikuwa herufi ‘e’, ya rangi ya buluu, yenye ukanda uliopita juu yake kama pete iliyolegea, nayo ilikaa pembeni mwa kioo cha kompyuta katika saiba moja mjini Thika. Ukiibonyeza mara mbili, kaka yangu aliyekuwa Marekani alianza kuzungumza. Usipoibonyeza, kaka alikuwa kimya. Mama hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Msomaji, usimcheke. Wengi waliosoma kuliko yeye waliamini hivyo hivyo. Ile ‘e’ ilikuwa alama ya Internet Explorer, programu ya kampuni ya Microsoft ambayo kazi yake ilikuwa kumfungulia mtu kurasa za intaneti. Programu za aina hiyo huitwa vivinjari, ingawa vijana wa saiba walizoea kusema brauza. Kivinjari si intaneti, kama vile mlango wa duka si duka. Lakini mlango ukiwa mmoja tu mtaani, ni nani atakayekumbuka kuutenga na duka lenyewe?

Tarehe 15 Juni, 2022, Microsoft iliacha rasmi kuihudumia programu hiyo, ikiwa imekaribia kutimiza miaka 27. Siku hiyo wenzangu kazini waliifanyia mzaha kutwa nzima. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa na deni la zamani kwa ile ‘e’, deni ambalo leo nataka kulilipa mbele yako.

ROBO EKARI

Tulikuwa tukiishi Ruiru, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Baba alikuwa karani katika shamba moja la kahawa, enzi zile kahawa ilipokuwa imetanda hadi ukingoni mwa mji, kabla ya nyumba za ghorofa kuchukua nafasi yake. Alifariki mwaka 2001. Mama akabaki na kibanda cha mboga sokoni, watoto watatu, na robo ekari ya ardhi kule Gatundu.

Mwaka 2004 kaka yangu alipata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani. Ili apate nauli na karo ya muhula wa kwanza, mama aliuza ile robo ekari. Wajomba walipinga vikali. Mmoja wao alimwuliza kama ana akili timamu, mjane kuuza ardhi pekee aliyoachiwa. Mama akajibu kwamba ardhi inaweza kununuliwa tena na mtu aliyesoma. Agosti mwaka huo tulimsindikiza kaka hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tumejazana katika matatu ya kukodi, tukiimba nyimbo za kanisani njia nzima.

Dada yetu mkubwa alikuwa ameolewa Murang’a, kwa hivyo nyumbani tulibaki mimi na mama. Hapa yafaa nieleze kwamba mama huniita “Mama”, kwa kuwa katika desturi yetu Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Kaka naye humwita “Baba”, kwa kuwa amepewa jina la baba mkwe wake. Basi mjane huyo alikuwa amepeleka “Baba” yake ng’ambo, na “Mama” yake akabaki kumsaidia.

Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka huo huo. Januari 2005 nikaanza masomo ya kompyuta mjini Thika, yale tuliyoyaita “pakeji”, ambayo vijana wengi siku hizo waliyafanya wakingoja kuendelea na masomo. Kila asubuhi nilipanda Nissan ya abiria 14, nikajifunga mkanda kama kanuni za Waziri John Michuki zilivyotaka tangu Februari 2004, nikapita Juja hadi Thika. Ghorofani, karibu na steji, palikuwa na saiba yenye kompyuta nane. Dakika moja ilikuwa shilingi mbili. Hapo ndipo kaka alipokuwa akituandikia.

MLANGO WA BURE

Wakati huo ile ‘e’ ilikuwa kileleni. Lakini haikuzaliwa huko juu, na kisa cha kupanda kwake chafaa kusimuliwa.

Kivinjari cha kwanza kupendwa na watu wa kawaida kiliitwa Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois na kutolewa mwaka 1993. Mmoja wa vijana waliokitengeneza, Marc Andreessen, aliungana mwaka 1994 na tajiri Jim Clark wakaanzisha kampuni ya Netscape, na kivinjari chao, Netscape Navigator, kikateka soko kwa muda mfupi. Microsoft ilikuwa imelala. Mei 1995 ndipo Bill Gates alipowaandikia wakuu wa kampuni yake waraka wa kuwaonya kwamba intaneti ni wimbi kubwa linalokuja. Agosti mwaka huo huo Internet Explorer ikatolewa, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Mosaic kwa leseni kutoka kampuni iitwayo Spyglass.

Toleo la kwanza lilikuwa hafifu. Lakini Microsoft ilikuwa na kitu ambacho Netscape haikuwa nacho, yaani Windows, programu iliyoendesha kompyuta nyingi mno duniani. Kivinjari kikatolewa bure, kisha kikatiwa ndani ya Windows, hata mtu aliponunua kompyuta alikikuta kimeshamngojea. Hebu fikiria mwenye soko la Ruiru akisimama langoni na kumpa kila anayeingia fungu la sukuma wiki bila malipo. Mama yangu, ambaye kibanda chake kiko ndani, angemuuzia nani?

Ndivyo Netscape ilivyokufa polepole. Novemba 1998 ilitangazwa kwamba imenunuliwa na kampuni ya AOL. Mei mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikuwa imeishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu zake kuwaziba wengine pumzi. Mwaka 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru igawanywe iwe kampuni mbili, lakini mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2001, na serikali ikafanya mapatano nayo. Agosti 2001 toleo la sita likatoka. Katika miaka iliyofuata mara moja, zaidi ya watu tisa kati ya kila kumi waliotumia intaneti duniani walipitia mlango huo mmoja.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kumshinda kila mtu, Microsoft haikuona haja ya kujisumbua. Tangu Agosti 2001 hadi Oktoba 2006, miaka mitano na zaidi, haikutoa toleo jipya. Wadukuzi wakajifunza kila ufa wa mlango ule, na virusi vikapita humo kama panya ghalani.

Sisi pale Thika hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba ‘e’ ni polepole, na kwamba mara kwa mara ilileta ukurasa mweupe wenye maandishi ya Kiingereza kusema kwamba ukurasa ulioutaka hauwezi kuonyeshwa. Intaneti ya Kenya wakati huo ilitegemea setilaiti, na ukurasa huo mweupe tuliuzoea kama tulivyozoea vumbi.

MKEBE WA BISKUTI

Jumamosi moja kila mwezi mama alifunga kibanda mapema, akavaa koti lake la kanisani, akaja nami Thika. Kulikuwa na saiba za karibu zaidi, lakini aliikataa kila nyingine. “Baba” alikuwa Thika, na yeye angekwenda kumwona Thika.

Aliketi kwenye kiti cha plastiki kando yangu, mkoba mapajani, akiitazama ile ‘e’. Kaka aliandika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya vijana waliosoma shule zetu. Mama anasoma Biblia ya Kikuyu na Kiswahili kidogo, lakini Kiingereza hakijui. Kwa hiyo nilisoma kimoyomoyo, kisha nikamtafsiria, yeye akinitazama mdomoni. Baadaye nililipa shilingi kumi, barua ikachapishwa, naye akaikunja na kwenda kuihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Hakuweza kuzisoma karatasi hizo, lakini alizijua kwa idadi.

Nakiri kwamba nilifurahia kazi hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka 18, na kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu muhimu nyumbani.

Agosti 2005 ikaja barua ambayo sitaisahau. Kaka alisema alikuwa ameacha chuo tangu Mei. Karo ya muhula wa pili ilimshinda, kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee haikutosha hata kodi, na sasa alikuwa akilala kwenye kochi la rafiki. Akamalizia kwa kuniomba: “Mwambie Mama polepole. Wewe unajua njia ya kumwambia. Mimi sina uso wa kumwandikia.”

Mama alikuwa ameketi hapo hapo kando yangu. Akaniuliza, “Anasemaje, Mama?”

Nikamwambia hajambo. Nikamwambia masomo ni magumu lakini anajitahidi, na kwamba baridi imepungua. Yeye akasema, “Mungu ni mwema,” kisha akafungua mkoba kutafuta shilingi kumi za kuchapisha. Nikamwambia printa imeharibika.

Kwa nini nilidanganya? Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimhurumia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mama alikuwa akiweka pesa katika chama cha wanawake wa sokoni ili Januari 2006 nijiunge na chuo cha uanahabari Nairobi. Niliogopa kwamba akijua robo ekari imepotea bure, atakata tamaa na masomo, na mimi nitaishia kibandani nikipanga nyanya. Kwa hivyo stashahada yangu, ile ninayoitegemea kuandika makala kama haya, imesimama kwa kiasi fulani juu ya printa ambayo haikuwa imeharibika.

UKURASA MWEUPE

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kwa ustadi. Wiki mbili baadaye kaka aliniuliza, “Mama alisemaje?” Nikamjibu kwamba alisikitika siku mbili, kisha akamsamehe, na akaomba jambo hilo lisitajwe tena. Hapo nikawa nimewafungia mlango wote wawili. Kaka akaamini amesamehewa, mama akaamini kaka yuko darasani.

Utauliza, je, simu? Simu za ng’ambo zilikuwa ghali. Kaka alipiga siku ya Krismasi, dakika tatu za kupigiana kelele na kuulizana afya. Mama hakuuliza habari za masomo kwa kuwa alidhani anazijua. Kaka hakuzitaja kwa kuwa alidhani zimezikwa.

Barua ngumu zilipokuja, nilipata hila mpya. Nilibonyeza mahali pasipofaa, ule ukurasa mweupe ukatokea, nami nikamwonyesha mama. “Imekataa,” nikasema. Mama alikuwa ameshaujua ukurasa huo kwa sura. Alitikisa kichwa na kuisuta ile ‘e’ kwa Kikuyu, akiilaumu kwa uvivu, kwa kula pesa za watu, kwa kumficha mtoto wake. Mhudumu wa saiba alicheka. Mimi nilitazama chini.

Ndivyo chombo kile kilivyobeba dhambi yangu. Kilikuwa na makosa yake mengi, lakini hilo halikuwa lake.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipochafuka, kaka alipiga simu karibu kila usiku. Mama alikuwa na simu yake ndogo wakati huo, na vyuo vilikuwa havijafunguliwa, kwa hivyo nilikuwa nyumbani Ruiru. Usiku mmoja mwezi Januari nilimsikia akisema, “Baba, usithubutu kuja sasa. Maliza shule kwanza.”

Kukawa na kimya. Kisha mama akasema taratibu, “Uliacha? Uliacha lini?” Alisikiliza kwa muda mrefu, macho yake yakiwa juu yangu.

Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Alikata simu, akauvuta mkebe kutoka chini ya kitanda, akazipanga barua zote mezani chini ya taa. Akaniuliza, “Ni ipi kati ya hizi?”

Nikamwambia haimo.

“Ni ile ya siku ya printa,” akasema. Alikuwa akiikumbuka hata siku.

Nilianza kujieleza, akaninyamazisha kwa mkono. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo tangu wakati huo: “Shamba lilikwenda, hilo nililikubali siku nilipotia sahihi. Lakini mtoto wangu amelala kwenye kochi la watu, na mimi kila asubuhi nimekuwa nikimwombea apite mtihani. Miaka miwili na nusu, Mama, nimemwombea mtu ambaye hayupo.”

MBWEHA

Baada ya hapo mama hakunitaka tena nimsomee. Alipotaka kumwandikia kaka, alikwenda mwenyewe katika saiba moja ya Ruiru, akamlipa kijana wa pale asome na kuandika. Siku moja nilimfuata, nikasimama mlangoni. Nilimsikia akimwuliza kijana, “Ile ‘e’ iko wapi?”

Kijana akamweleza kwamba waliiacha kwa sababu ya virusi, na kwamba siku hizo walitumia hii yenye picha ya mbweha mwekundu aliyejikunja kuzunguka dunia. Mama akaikaribia kompyuta. “Na barua za mwanangu?” “Zipo zote, mama, ni zile zile.” Alikaa akifikiri. Nadhani siku hiyo ndipo alipotambua kwamba kaka hakuwahi kuwa ndani ya ile ‘e’.

Mbweha huyo alikuwa Firefox, kivinjari kilichotolewa Novemba 2004 na shirika la Mozilla, lililotokana na mabaki ya Netscape. Kwa hivyo marehemu alikuwa ameacha mtoto. Microsoft ilishtuka, ikatoa toleo la saba mwaka 2006, lakini watu walikuwa wameshaanza kuhama. Septemba 2008 kampuni ya Google ikaleta Chrome, iliyokuwa nyepesi na ya haraka. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na Kenya ikaanza kuachana na mwendo wa kobe wa setilaiti. Nao wengi wetu tuliingia intaneti kwa simu ndogo, kwa kutumia Opera Mini kutoka Norway, iliyotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006. Ilizibana kurasa kabla hazijafika kwenye simu, na kwa hivyo haikula salio. Katika simu hizo ile ‘e’ haikuwa na nafasi.

Mei 2012, kwa hesabu za shirika la StatCounter, Chrome iliipita Internet Explorer kwa idadi ya matumizi duniani. Novemba mwaka huo huo Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu mpya ya Thika. Wale wauzaji wetu wa kando ya barabara ya zamani, waliodhani magari yataendelea kusimama mbele ya vibanda vyao milele, walijikuta wakiyatazama yakipita kwa mbali. Aliye juu mngoje chini. Mwaka 2015 Microsoft yenyewe ilianzisha kivinjari kingine, Edge, na ile ‘e’ ya zamani ikabaki kwa sababu ya afisi na mabenki ambayo mifumo yao ilijengwa kwa ajili yake na haikuelewa lugha nyingine.

Ilipostaafishwa mwaka 2022, mhandisi mmoja wa Korea Kusini aliichongea jiwe la kaburi na kuliweka katika mji wa Gyeongju. Jiwe hilo lilisema kwa mzaha kwamba ilikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Picha yake ilienea dunia nzima, na hiyo ndiyo iliyowachekesha wenzangu afisini.

SOMA YOTE

Kaka hakurudi chuoni. Anaendesha lori, ameoa, ana watoto wawili. Robo ekari ya Gatundu haikurudi. Aliyeinunua amejenga nyumba ya mawe, na mama hupita njia nyingine anapokwenda matangani huko. Mimi na kaka tulinuniana kwa karibu miaka miwili. Kilichomuuma si kufichwa kwa habari. Kilichomuuma ni kwamba nilimtungia msamaha ambao mama hakuutoa. Alipousikia ule wa kweli kutoka kinywani mwa mama mwenyewe, ulikuwa mchungu zaidi na mrefu zaidi, lakini ulikuwa wake.

Siku hizi mama na kaka huonana kwa simu ya kisasa, uso kwa uso, bila mimi. Nilidhani nitafurahi kupumzishwa kazi hiyo. Mara ya kwanza niliposikia wakicheka chumbani na mlango umefungwa, nilihisi vile ambavyo nadhani ile ‘e’ ingehisi, kama ingekuwa na moyo.

Nayaandika haya kwa sababu najua katika nyumba nyingi za Thika, Ruiru na kwingineko, yupo mtoto mmoja ambaye ni mlango wa wazazi wake. Yeye ndiye anayesoma matokeo ya hospitali. Yeye ndiye anayefungua ujumbe wa benki, anayejaza fomu za kodi kwenye saiba kabla ya Juni 30, anayemsajili baba kwa bima ya afya. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini mwenye kuwafungulia wengine mlango huanza kujiona kuwa ndiye nyumba. Huanza kuchagua ni nini kipite na nini kibaki nje, na kila mara atapata sababu nzuri. Microsoft ilikuwa na sababu nzuri. Mimi pia nilikuwa nazo.

Kama kuna neno ambalo umelishikilia kwa niaba ya mzazi wako, mpe. Atalia, huenda akakulaumu, lakini ataomba kwa ajili ya jambo lililopo.

Juni 2022, jioni ya siku ile ya mzaha, nilishuka Ruiru kumwona mama. Nikamwambia kwamba ile ‘e’ ya buluu imeondolewa. Alikuwa akichambua maharagwe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Maskini. Niliitukana sana, na wakati mwingine haikuwa na kosa.”

Sikuwa na la kusema. Akajipangusa mikono kwa leso, akanipa simu yake. Kaka alikuwa ametuma ujumbe mrefu kwa Kiingereza kuhusu matibabu ya mtoto wake, na macho ya mama yameanza kufifia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 2008 kuniomba nimsomee.

“Soma, Mama,” akasema, akirudia maharagwe yake. “Lakini soma yote.”